Maji Yatokayo na Mafuta: Nani Atayapima?

Watu wa Tundaua, kisiwani Pemba, hawakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo kuwaambia kwamba ardhi yao ina mafuta. Mafuta hayo hujitokeza yenyewe, na wazee wameyajua tangu enzi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 makampuni ya BP na Shell yalichimba visima vya uchunguzi Mafia, Unguja na Pemba, kisha yakafunga mizigo na kuondoka bila ya kupata kiasi cha kufanyia biashara. Habari hiyo ililala kwa muda mrefu. Iliamshwa na Sheria ya Petroli ya Muungano ya mwaka 2015, ambayo iliiachia Zanzibar kusimamia mafuta na gesi yake yenyewe. Ikafuatiwa na sheria ya Zanzibar ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi asilia ya mwaka 2016. Na mwezi Oktoba 2018 Serikali ikatia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah juu ya kitalu cha Pemba na Zanzibar.

Tangu hapo mazungumzo ya barazani yamekuwa ni ya fedha. Watu hubishana ni kiasi gani kitakuja, nani atapewa kazi, na sehemu gani itabaki Pemba na gani itakwenda Unguja. Ni maswali ya haki, na hatumlaumu mtu kwa kuyauliza. Lakini kuna jambo moja ambalo hatujalisikia likiulizwa hata mara moja, wala na wavuvi wa Wesha, wala na wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki, wala katika hotuba za waheshimiwa. Jambo hilo ni maji.

Mwenye kuona picha za visima vya mafuta hudhani kwamba kinachopanda katika bomba ni mafuta matupu. Sivyo. Chini kabisa ya ardhi, mafuta na gesi hukaa ndani ya vitundu vya jiwe pamoja na maji ya kale, maji ya bahari zilizokauka au kufunikwa mamilioni ya miaka iliyopita. Kisima kikitoboka, vyote hupanda pamoja. Kwa kukosa jina lililozoeleka, sisi tutayaita maji ya tabakani. Kisima kikiwa kichanga maji hayo huwa machache. Kadiri kinavyozeeka ndivyo maji yanavyozidi na mafuta yanavyopungua, hata ikafika pahala kampuni inapandisha mapipa kumi ya maji ili ipate pipa moja la mafuta. Kwa hesabu hiyo, baadhi ya makampuni makubwa ya mafuta ulimwenguni yangestahiki zaidi kuitwa makampuni ya maji.

Na maji hayo si ya kunawia mikono. Maji ya bahari yetu yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika lita moja. Maji ya tabakani, kutegemea pahala, yanaweza kuwa na chumvi mara kadhaa ya hiyo. Yamebeba matone ya mafuta yasiyoonekana kwa macho. Yamebeba pia benzini na jamaa zake, ambazo huyeyuka ndani ya maji na hazielei juu; fenoli; metali nzito; na mara nyingi radiamu, madini yenye mionzi, ambayo maji yameyachukua kutoka katika mwamba wenyewe bila ya mkono wa mtu. Juu ya hayo huongezwa dawa za kampuni: za kuzuia mabomba yasile kutu, za kuua vijidudu, za kutenganisha maji na mafuta. Visima vya gesi hutoa maji machache kuliko vya mafuta, lakini maji yao mara nyingi huwa na zaidi ya hizo benzini zilizoyeyuka, pamoja na dawa zitumiwazo kukausha gesi.

Maji haya yakishapanda, lazima yende pahala. Njia ni chache. Yanaweza kurudishwa chini ya ardhi kwa kusukumwa katika kisima kingine. Yanaweza kusafishwa na kumwagwa. Yanaweza kumwagwa bila ya kusafishwa, na hili limefanyika sana, hasa pale ambapo hapakuwa na mtu wa kusema hapana. Katika misitu ya Ecuador, kampuni ya Texaco, ikishirikiana na shirika la mafuta la nchi hiyo, iliendesha visima tangu miaka ya 1960 hadi 1990, na mabilioni ya galoni za maji ya tabakani yakamiminwa katika mito na katika mashimo yasiyosakafiwa. Wanakijiji walifungua kesi New York mwaka 1993. Mahakama ya Ecuador ikawapa ushindi wa mabilioni ya dola mwaka 2011. Kampuni ya Chevron, iliyokuwa imeinunua Texaco, haikulipa, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi la The Hague likaipa haki kampuni kwa kuwa hukumu ile ilipatikana kwa njia za udanganyifu. Mawakili wamezeeka katika kesi hiyo. Msomaji anaweza kushika upande autakao, lakini wakati maji yale yakimwagwa, dola ya Ecuador ilikuwa mshirika katika biashara yenyewe. Mshirika hamkagui mwenziwe.

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa ziko sheria za kimataifa za kulinda bahari. Ni kweli ziko, na hapa pana jambo ambalo maofisa wetu wanapaswa kulijua vizuri kuliko sisi. Mkataba mkuu wa kuzuia uchafuzi wa bahari kutokana na vyombo, ule wa mwaka 1973 uliorekebishwa mwaka 1978 na kujulikana kwa jina la MARPOL, umeeleza ndani ya maneno yake yenyewe kwamba hauhusu vitu vinavyotoka moja kwa moja katika kazi ya kutafuta na kuchimba utajiri wa chini ya bahari. Meli ikimwaga maji machafu ya chumba cha mashine yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 katika milioni, imevunja mkataba. Mtambo uliosimama baharini ukimwaga maji ya tabakani yenye mafuta maradufu ya hayo, mkataba huo hauna neno. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unasema katika ibara ya 208 kwamba kazi ya kuweka sheria za jambo hili ni ya dola yenye pwani. Kwa lugha nyepesi, mlango umeachwa na ulimwengu, na ufunguo amepewa mwenye nyumba.

Wenye nyumba wengine wameutumiaje ufunguo huo? Marekani ilipitisha Sheria ya Maji Safi mwaka 1972, na kwa sheria hiyo hakuna aruhusiwaye kumwaga chochote kutoka katika bomba mpaka awe na kibali chenye mipaka. Kwa visima vya bahari kuu mpaka uliowekwa mwaka 1993 ni kwamba maji yamwagwayo yasizidi miligramu 29 za mafuta na grisi katika lita moja kwa wastani wa mwezi, wala miligramu 42 katika siku yoyote. Kwa visima vya nchi kavu, na baadaye kwa vile vya maji ya karibu na pwani, amri ni kali zaidi: isimwagwe hata tone, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kanuni ya maji ya karibu na pwani ilipotoka mwaka 1996, sehemu moja tu ya nchi nzima iliachwa nje, nayo ni ghuba ya Cook, kule Alaska.

Tunaomba ruhusa tukae kidogo katika ghuba hiyo, kwa sababu ina mafunzo kwetu kuliko mahala pengine. Mitambo yake ilisimamishwa tangu miaka ya 1960. Makampuni yalisema kwamba kuyarudisha maji chini ya ardhi kungekuwa na gharama isiyobebeka, na kwamba ghuba ile ina nguvu ya ajabu ya maji kupwa na kujaa, zaidi ya mita 8, hivyo kila kimwagwacho hutawanyika mara moja. Serikali ikakubali. Ndipo likatumika jambo liitwalo eneo la mchanganyiko: kibali hakipimi maji pale yanapotoka mdomoni mwa bomba, bali hupima umbali fulani kutoka hapo, baada ya bahari kuyazimua. Eneo likipanuliwa, maji yale yale yaliyokuwa machafu jana yanakuwa safi leo, na hakuna kilichobadilika ila mstari katika karatasi. Kibali cha mwaka 2007 kilipingwa mahakamani, na miongoni mwa waliokwenda ni vijiji vya wenyeji vya Port Graham na Nanwalek, watu ambao chakula chao ni samaki na kombe wa ghuba hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, 2008, nyangumi weupe wa ghuba ya Cook waliingizwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Hatusemi kwamba maji ya tabakani ndiyo yaliyowamaliza, kwa kuwa jambo hilo halijathibitishwa. Tunasema kwamba hoja ya mkondo mkali ndiyo iliyofungua mlango, na hoja hiyo hiyo italetwa kwetu.

Kwani nani asiyejua mkondo wa Pemba? Nahodha yeyote aliyevuka kutoka Mkoani kwenda Tanga wakati wa kusi ataeleza. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na maji yake huenda kaskazini mwaka mzima, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Mtaalamu wa kampuni atakuja na ramani zake nzuri na kuonyesha kwamba bahari hii itayazimua maji yoyote. Huenda akasema kweli juu ya kuzimuka. Lakini mkondo hauli kitu. Unakichukua na kukipeleka. Kilichomwagwa kusini mwa kisiwa kitapita Misali, ambako tangu 1998 tumewakataza wavuvi wetu kutega katika sehemu maalum ili samaki wazaane. Kitapita katika hifadhi nzima ya mkondo wa Pemba iliyotangazwa mwaka 2005. Na kikitoka hapo kitawafikia jirani zetu wa Wasini na Shimoni nchini Kenya, ambao hawakutia saini mkataba wowote na mtu. Halikadhalika, kimwagwacho Songo Songo au Mafia huja kwetu. Hivyo jambo hili si la Zanzibar peke yake, na yafaa Dar es Salaam na Nairobi zizungumze nasi mapema, chini ya Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, ambao nchi zetu zote ni wanachama wake.

Nchi za Bahari ya Kaskazini zimekwenda kwa njia nyingine. Zilianza na mpaka wa miligramu 40 katika lita, kisha mwaka 2001, chini ya mkataba wa OSPAR, zikakubaliana kuushusha hadi 30 ifikapo 2006. Mpaka huo ulifuatwa kwa sehemu kubwa, lakini wataalamu wao waligundua kasoro mbili, na zote mbili zinatuhusu.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu ndogo ya shule. Miligramu 30 katika lita ni gramu 30 katika mita moja ya ujazo. Mtambo umwagao mita za ujazo 10,000 kwa siku utakuwa umetii sheria barabara, na hapo hapo utakuwa umetia baharini kilo 300 za mafuta kila siku, yaani tani zaidi ya mia moja kwa mwaka. Mpaka wa ukali bila ya mpaka wa wingi ni sawa na kumkataza mtu kutia chumvi kijiko kimoja kikubwa chunguni, na kumwachia atie vijiko vidogo hata gunia lishe. Ndiyo maana wenzetu wale walidai pia kwamba jumla ya mafuta yanayomwagwa ipungue kwa asilimia 15.

Kasoro ya pili ni kwamba kipimo hiki huhesabu matone ya mafuta, na vilivyoyeyuka hupita bila ya kuulizwa. Fenoli haimo, radiamu haimo, wala dawa za kampuni hazimo. Mwaka 2012 nchi hizo zilikubaliana kuanza kupima hatari ya maji yenyewe kwa viumbe, kwa kuchunguza sumu ya mchanganyiko mzima badala ya tone la mafuta peke yake. Ilikuwa imepita miongo mitatu na zaidi tangu mpaka wa kwanza. Sisi tunaoanza leo hatuna sababu ya kuanza walikoanzia wao.

Ama kurudisha maji chini ya ardhi, ndiyo njia iliyo bora kwa bahari, na ndiyo ambayo tungependa iwe sharti la kwanza katika maji yetu ya kina kifupi na karibu na miamba. Hata hivyo tusidanganyane kwamba haina madhara. Katika jimbo la Oklahoma, ambako maji mengi mno yalisukumwa chini, ardhi ilianza kutetemeka, na mwezi Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.8 lilipiga karibu na mji wa Pawnee. Yatakiwa kuchagua tabaka, kujua wingi, na kupima mgandamizo. Wenzetu wa Oman nao wana mfano ambao Mzanzibari yeyote mwenye jamaa huko anaweza kwenda kuutazama. Katika visima vya Nimr, kusini mwa nchi, maji yalikuwa yakisukumwa chini sana kwa gharama kubwa ya nguvu za umeme. Tangu mwaka 2010 hivi yakaanza kupitishwa katika mashamba makubwa ya matete yaliyopandwa jangwani. Mizizi na vijidudu vyake hula mafuta, na maji yanayobaki hukaushwa na jua. Kazi ilianza na mita za ujazo 45,000 kwa siku na baadaye ikapita 100,000, na ndege wahamao wameyafanya matete hayo kituo chao. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini maji ya Nimr yana chumvi kidogo, ndipo matete yakaweza kuota, na Oman ina jangwa la kutosha. Sisi hatuna jangwa, na shamba la kupanda mpunga lenyewe tunaligombania.

Twende sasa kwenye swali lililo katika kichwa cha makala hii. Jimbo la Texas lina chombo kiitwacho Tume ya Reli, kilichoundwa mwaka 1891. Reli zenyewe zilitoka mikononi mwake kabisa mwaka 2005, lakini jina limebaki, na kazi yake kubwa ni mafuta na gesi. Kwa miaka mingi chombo hicho hicho ndicho kilichotoa ruhusa ya kuchimba na ndicho kilichotoa ruhusa ya jimbo ya kumwaga maji. Mwaka 2019 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuyahamishia madaraka ya vibali vya kumwaga kwa tume ya mazingira, na serikali kuu ikaridhia Januari 2021. Haki ituongoze: mabadiliko hayo hayakuletwa na mapenzi ya samaki. Yaliletwa zaidi na haja ya kurahisisha vibali, ili kampuni isihangaike na ofisi mbili. Mfano ulio wazi zaidi ni wa serikali kuu yenyewe. Hadi mwaka 2010 ofisi moja ilikuwa ikikodisha bahari kwa makampuni, ikikusanya mapato na kukagua usalama. Ulipolipuka mtambo wa Deepwater Horizon mwezi Aprili mwaka huo, watu 11 wakafa na mafuta yakamwagika kwa karibu miezi mitatu, na serikali ikaona aibu ya mpango huo. Ilipofika Oktoba 2011 ofisi ile ilikuwa imegawanywa tatu: ya kukodisha, ya kukagua, na ya kukusanya fedha.

Zanzibar tayari tunayo vyombo viwili. Sheria ya mazingira ya mwaka 2015 ilitupa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Sheria ya mafuta ya 2016 ikatupa mamlaka ya udhibiti wa mafuta na gesi, ZPRA. Kwa karatasi, basi, tuko mbele ya walivyokuwa Wamarekani mwaka 2010. Kinachotutia wasiwasi ni uzito wa kila kimoja siku ile ya kupimana nguvu. Kibali cha kumwaga, kiwango chake na wingi wake viwe mkononi mwa ZEMA, na neno la ZEMA liwe la mwisho, hata kama kisima kitasimama kwa wiki mbili na wizara ya fedha ikanung'unika. Bila ya hivyo mkaguzi wa mazingira ataalikwa mtamboni kwa chakula cha mchana na picha.

Tena kuna suala la chupa ya sampuli. Kote ulimwenguni ni desturi kampuni ijipime yenyewe na kupeleka ripoti, kwani serikali haiwezi kuweka mtu katika kila mtambo kila siku. Desturi hiyo si mbaya, ikiwa mambo mawili yapo: adhabu ya jinai kwa anayeghushi, na mtu wa serikali anayeweza kupanda boti wakati wowote, bila ya kuomba lifti ya helikopta ya kampuni, akajaza chupa yake mwenyewe na kuipeleka katika maabara isiyo ya kampuni. Boti hiyo iko wapi? Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa hapa Zanzibar tangu mwaka 1978, na tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vijana wa kuifanya kazi hiyo wapo au wanaweza kusomeshwa. Fedha za boti na mashine zingewekwa ndani ya mkataba kama ada ya lazima, ilipwe na mchimbaji lakini isipite mikononi mwake.

Na kazi ya kwanza haisubiri kisima. Yapimwe sasa maji ya Misali, ya mkondo wa Pemba, ya mashamba ya mwani, pamoja na matope ya chini na nyama za changu na pweza, ili ijulikane hali ikoje kabla ya mtu kutoboa chochote. Siku ambayo mwanamke wa Micheweni atakuja kulalamika kwamba mwani wake unaoza, na kampuni ikajibu kwamba ni joto la bahari, ambalo nalo kweli lipo na limeshawatesa wakulima hao, hakutakuwa na njia ya kumjua msema kweli ila kwa daftari la vipimo vya zamani. Daftari likianza kuandikwa baada ya kisima, litakuwa ni la kampuni. Tukumbuke pia kwamba kabla hata ya maji ya tabakani huja matope ya kuchimbia na vipande vya mwamba vilivyolowa matope hayo. Nchi za OSPAR zilipiga marufuku tangu mwaka 2000 kumwaga baharini vipande vyenye zaidi ya asilimia moja ya mafuta ya kuchimbia, na marufuku hiyo ingeandikwa katika kibali cha kwanza kabisa cha uchunguzi.

Sisi si maadui wa mafuta. Visiwa hivi vimeishi kwa karafuu, vikaona bei yake ikianguka, vikajifunza mwani na utalii, na mwenye njaa hachagui mlango wa kutokea riziki. Songo Songo, iliyogunduliwa gesi mwaka 1974, imewasha taa za Dar es Salaam tangu 2004, na hatuna husuda nayo. Tunachodai ni kwamba ripoti za maji yatakayomwagwa zisiwe siri ya biashara. Zibandikwe kila mwezi kwa Kiswahili katika ofisi ya sheha na katika kila diko, kuanzia Wete hadi Kizimkazi: mita za ujazo ngapi, miligramu ngapi, nani aliyejaza chupa, na siku gani.